Shamba la Babu Si la Kuuzwa, Wala Si la Kuachwa Pori

Mwaka huu kalamu yangu imeelekea shambani. Najua baadhi yenu mmeshaanza kuguna. "Ati shamba? Si tumekuja shule ili tuondokane na jembe?" Subirini kidogo, wenzangu. Msifunue ukurasa mpaka mnisikize, halafu mkiona nimepotoka, njooni tujadiliane katika kikao cha chama chetu.

Maoni yangu ni haya: sisi vijana wa Kilifi na Malindi ambao wazee wetu wametuachia au watatuachia vipande vya ardhi, tusiviuze na wala tusiviache viote magugu. Tuvilime kwa njia ya kilimo mseto, yaani miti na chakula katika shamba moja, ili kila msimu uwe na kitu chake na kila mwaka uwe na chake. Tena tuanze kidogo, hata kwa ekari moja.

Kwa nini naleta jambo hili shuleni wala si kwenye baraza la chifu? Kwa sababu chuki ya shamba tunafunzwa papa hapa. Fikirieni wenyewe. Mwanafunzi akichelewa, anapewa jembe. Akipiga kelele, anapewa sehemu ya kufyeka. Tangu darasa la kwanza jembe kwetu ni kiboko chenye mpini mrefu. Kisha tunashangaa kwamba kijana akimaliza kidato cha nne, akiambiwa akalime, huona kama amehukumiwa! Kwa heshima na taadhima nawaomba walimu wetu: adhabu na ziwe nyingine, jembe lirudishiwe hadhi yake.

Hebu sasa tutazame hali ilivyo huko nyumbani. Babu anafariki na kuacha ekari kadhaa. Matanga hayajaisha, na dalali keshafika na mteja wake aliyevaa miwani ya jua. Mmoja katika ukoo anataka pikipiki ya bodaboda, mwingine anataka kulipa deni, wa tatu anataka tu kuonekana ana pesa. Shamba linauzwa. Baada ya mwaka mmoja pikipiki imechakaa, na mwenye shamba wa jana anaomba kibarua cha kupalilia katika ardhi ile ile aliyozaliwa. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Pikipiki ni msala, jamani, na shamba ndilo mbachao.

Wako wengine hawauzi, ila wanakata. Ukipita barabara za Ganze na Magarini utaona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya njia kama wanafunzi kwenye gwaride. Simlaumu anayechoma mkaa wakati watoto wana njaa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na sehemu kubwa ya bara ya kaunti yetu iliumia vibaya. Lakini tukubali ukweli: mti uliochukua miaka thelathini kukua, ukiuchoma, unakula kwa wiki moja. Wiki ya pili utakata nini?

Tena kuna jambo zito zaidi, na naliandika kwa huzuni. Kwa miaka mingi kaunti yetu imetajwa katika magazeti kwa sababu ya wazee kuuawa wakisingiziwa uchawi. Viongozi wa serikali na wa dini wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi kuna uchu wa mashamba. Mvi imegeuzwa kuwa kosa. Huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma ambako wazee waliotishiwa wamekuwa wakikimbilia kuokoa maisha yao. Mzee aliyepaswa kutufundisha mti gani unafaa udongo gani, anakimbia wajukuu wake! Mimi nasema, kijana mwenye kazi katika shamba pamoja na babu yake hana sababu ya kungojea babu afe. Mtu husubiri urithi kwa pupa pale tu anapoona kwamba ardhi haina faida nyingine ila kuuzwa.

Huenda mtu akasema kilimo cha miti ni mambo ya wazungu na miradi yao. La hasha! Mababu zetu Wamijikenda walikaa ndani ya kaya, katikati ya misitu waliyoilinda kwa miiko. Hakuna aliyekata mti wa kaya ovyo ovyo. Baadhi ya kaya hizo, zikiwemo Kaya Kauma, Kambe, Jibana na Ribe, zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Dunia nzima imevua kofia mbele ya akili ya babu zetu, nasi tunaona haya kupanda mwembe?

Tazameni pia mashamba ya zamani ya Kaloleni na Rabai. Juu minazi, chini yake michungwa na mikorosho, chini kabisa mihogo, kunde na mtsunga wa mboga. Mnazi wenyewe unatoa nazi, tembo, makuti ya kuezekea, makumbi ya kuwashia moto na fagio la nyumba. Hicho ndicho kilimo mseto, ingawa bibi zetu hawakukipa jina. Leo wataalamu wana kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo hicho pale Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1978, kwa Kiingereza kikiitwa ICRAF. Wao wanakisoma vitabuni. Sisi tulikikuta uani.

Mfano mwingine uko Bamburi, njia ya kwendea Mombasa. Kampuni ya saruji ilichimba matumbawe pale hata ikabaki jangwa jeupe la mawe. Mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, alianza kujaribu miti. Alipanda aina 26, na ni tatu tu zilizostahimili, mojawapo mvinje. Mti huu huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyomo mizizini, ndiyo maana haubagui ardhi duni. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa jongoo, wakayala na kuyageuza mbolea. Polepole udongo ukatokea juu ya jiwe. Leo hapo ni bustani wanakopelekwa wanafunzi kutembea. Sasa, wewe mwenye shamba la mchanga mwekundu kule Msabaha au Marafa, ukiniambia "udongo wetu umechoka", nitakuuliza kama umechoka kuliko jiwe la Bamburi.

Hata hivyo, wenzangu, tusipande kwa kufuata upepo. Tuna funzo chungu hapa hapa Kilifi. Miaka ya 1970 kulijengwa kiwanda cha korosho mjini Kilifi, na watu wakaitegemea mikorosho kama mama. Kiwanda kilipoanguka miaka ya 1990, bei ikaanguka nacho. Wengi waliiacha mikorosho yao ikazeeka, wengine wakaifanya mkaa. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili viwanda vya nchini vipate kazi, lakini mkulima aliyekuwa amekwisha kung'oa miti yake hakuweza kuirudisha kwa siku moja. Je, kosa lilikuwa la korosho? Hasha. Kosa ni kuweka roho yako yote mikononi mwa mnunuzi mmoja. Shamba lenye vitu vitano halifi kwa kuwa kimoja kimekosa soko.

Basi tuanzeje? Na hapa ndipo nawaomba mchukue kalamu.

Kwanza kabisa, makaratasi kabla ya miche. Kwetu Pwani mti una maneno kuliko nyumba. Mtafiti David Parkin aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1972, juu ya Wagiriama wa Kaloleni na jinsi minazi ilivyowekwa rehani, ikauzwa na kugombaniwa mbele ya mashahidi. Minazi iliweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Ndiyo maana katika ukanda wa pwani wenye mashamba wengi huwakubalia maskwota kulima mahindi na mihogo, lakini huwakataza kupanda mwembe au mnazi. Wanajua kwamba anayepanda mti anatia mguu. Kwa hiyo ukipanda miembe ishirini katika ardhi ambayo ami zako hawajaigawanya, umepanda kesi ishirini.

Sheria yetu ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inataka ukoo uende mahakamani upate msimamizi wa mirathi, na Waislamu wana nafasi ya kwenda kwa kadhi. Yeyote anayeuza ardhi ya marehemu kabla ya hapo anavunja sheria. Na wasichana wenzangu, msidanganywe. Sheria hiyo inaposema "watoto" haikusema "wavulana", na Katiba ya mwaka 2010 imetusimamisha sawa. Kwa upande wa kadhi nako msichana ana fungu lake linalojulikana, wala si hisani ya kaka.

Nina sababu ya kulisema hili kwa sauti. Babu yangu mzaa baba aliacha ekari sita na watoto sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Mmoja wa ami zangu keshaleta mnunuzi. Likizo ya Desemba ukoo wetu utakutana kuamua. Shangazi zangu wawili wanaambiwa wanyamaze kwa kuwa "wameolewa". Sijui uamuzi utakuwaje, lakini nimemwomba baba aniruhusu niseme neno moja, naye amekubali. Neno hilo ndilo hili ninalowaandikia: tupeni ekari moja tu tuijaribu, kabla hamjaziuza sita. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi jembe ninalo.

Pili, hesabu. Tusilime kwa kubahatisha ilhali tunafundishwa hisabati kila siku. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo mpaka wake wote ni kama mita 254. Ukipanda mvinje kila baada ya mita mbili kuzunguka mpaka, unapata mivinje kama 125. Hiyo itakuwa ua, kinga ya upepo wa bahari na akiba yako. Ukipogoa matawi, unapata kuni bila kukata mti. Baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi, ikitunzwa, unaanza kukata nguzo za kujengea, na si mmeona wenyewe jinsi malori yanavyobeba miti ya mvinje kutoka kwetu kwenda mijini? Kata michache, panda michache, hivyo hivyo kila mwaka.

Ndani ya shamba, acha mita sita kutoka mpakani ili mizizi ya mvinje isinyang'anye maji, kisha panda miti ya matunda kwa nafasi ya mita 12. Utapata mistari mitano ya miti mitano, jumla 25. Mistari miwili iwe ya miembe ya kupandikizwa, ngowe au apple, ambayo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mistari miwili iwe ya minazi, ingawa ile mirefu ya kienyeji yataka subira ya miaka sita au saba. Mstari mmoja uwe wa mikorosho. Ndiyo, mikorosho, kwa kuwa nimesema kosa halikuwa lake.

Sasa mtauliza: "Miaka mitatu yote hiyo tutakula mapua?" Swali zuri. Kati ya mistari ile kuna nafasi kubwa ya kulima chakula. Majani ya kunde unaweza kuanza kuyachuma baada ya mwezi mmoja hivi. Pojo hukomaa kwa miezi miwili au mitatu. Mahindi yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Pwani na watafiti wa Mtwapa, kama vile Pwani Hybrid 1 na 4. Mihogo hungoja karibu mwaka, lakini haina haraka na jua. Kunde na pojo hurutubisha udongo, na ile miche ya matunda inafaidika kila unapopalilia mahindi. Hivyo jasho moja linalipwa mara mbili. Miti ikishakuwa mikubwa na kivuli kikaenea, unapunguza mahindi na kuongeza mizinga ya nyuki.

Wenye ng'ombe wa maziwa au mbuzi wapande pia lukina na gilirisidia, ambazo watafiti wa Mtwapa wamezijaribu kwa miaka mingi kuwa lishe ya mifugo. Mnyama anakula majani, wewe unapata maziwa, na samadi inarudi shambani.

Tatu, wakati. Masika kwetu huanza kama mwezi wa Aprili. Mashimo yachimbwe Februari au Machi, yawe na kina cha futi mbili na upana wa futi mbili, udongo wa juu utengwe na uchanganywe na debe la samadi. Miche ipandwe mvua ikishalowesha ardhi barabara, si kwa manyunyu ya kwanza. Halafu funika shina kwa majani makavu ili unyevu usitoroke. Wakati wa kiangazi, chupa kuukuu ya plastiki iliyotobolewa na kuzikwa kando ya mche hudondosha maji polepole, na chupa hizo zimejaa hata katika uwanja wetu wa shule!

Nne, maadui. Mbuzi wa jirani ni adui wa kwanza, basi zungushia mche matawi ya miiba. Moto wa kusafishia shamba ni adui wa pili, na huyu ni wetu wenyewe. Nzi wa matunda ni adui wa tatu: aina moja kali kutoka Asia iligunduliwa nchini mwaka 2003 na imeharibu maembe mengi. Okota maembe yote yaliyoanguka uyafukie kwa kina, usiyaache yaoze juu ya ardhi. Adui wa nne ni dalali anayekuja kununua maua yakiwa bado mtini. Dawa yake ni umoja. Wenye mashamba kumi wakiuza pamoja, lori litawafuata wao.

Aidha, tusisahau kwamba wataalamu wako karibu. Pale Gede kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Hapo hapo Gede, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Jambo hilo linanifurahisha sana. Mtu anauza kipepeo na msitu unabaki umesimama! Ikiwa hata mdudu analeta pesa kwa sababu ya mti, nani tena atasema mti ni mzigo?

Sitaki kuwadanganya kwamba mtatajirika. Shamba la ekari moja halijengi ghorofa. Mwaka wa kwanza utachoka, mwaka wa pili rafiki zako watakucheka, na mvua ikikataa miche itakufa na itabidi upande upya. Wala simwambii mtu asisome awe daktari au mwanasheria. Nasema tu kwamba daktari mwenye shamba halali njaa mshahara ukichelewa, na kijana asiyepata kazi ya ofisi hahitaji kukaa maskani akihesabu magari ya watalii wanaokwenda Watamu. Mchagua jembe si mkulima.

Mwisho, nina mapendekezo matatu. Mosi, shule yetu ianzishe kitalu cha miche nyuma ya bweni, na kila anayemaliza kidato cha nne aondoke na miche kumi pamoja na cheti chake. Katiba yetu, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe miti katika asilimia 10 ya nchi. Serikali ni nani kama si sisi? Pili, chama chetu cha Kiswahili kikusanye majina ya miti na matumizi yake kutoka kwa babu na bibi zetu, kwa Kiswahili, Kigiriama na lugha zetu nyingine, kabla hawajaondoka nayo. Tatu, kila mmoja wenu likizo hii akae na mzee wake amwulize maswali mawili tu: mipaka ya shamba letu ni ipi, na miti hii aliipanda nani?

Mkiuliza hayo mtagundua kwamba kila mwembe mnaokwea una jina la mtu aliyeupanda bila kujua kama angeishi kula tunda lake. Wao walitupandia sisi. Sasa zamu ni yetu. Kwaherini, na tuonane shambani.

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili